Ozoni Iacheni Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Kufundisha Ongezeko la Joto Duniani

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu, mzazi mmoja, na mwanafunzi anayeuliza vizuri kuliko baadhi ya walimu wake. Mimi nilifundisha fizikia hadi nikastaafu. Chaki nimeiweka chini, ubishi bado ninao, kwa hiyo pale panaponiwasha nitajibu kwa kirefu na kwingine nitapita mbio.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nafundisha Jiografia sekondari. Niliwaambia wanafunzi wataje na kueleza sababu tatu za ongezeko la joto duniani. Zaidi ya nusu ya darasa wakaandika kwamba tabaka la ozoni limetoboka, ndiyo maana jua linapenya na kutuunguza. Wengine wakaandika takataka, mifuko ya plastiki, moshi, na kelele za magari. Mmoja akaandika "dhambi". Niliwasahihisha kwa wino mwekundu, na mtihani uliofuata wakarudia yale yale. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa Jiografia*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Huyo wa dhambi mpeleke kwa mwalimu wa dini. Hawa wa ozoni ndio wa kwetu, na wala si wajinga. Wamesikia habari mbili za kweli wakazishona pamoja. Habari ya kwanza: kuna kemikali zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia ambazo zilipunguza ozoni huko juu, na ozoni ikipungua mionzi ya urujuanimno inayoharibu ngozi na macho inapita kwa wingi. Habari ya pili: kuna gesi zinazoongeza joto. Zote mbili zina gesi, anga, jua na hatari. Mtoto akichora kichwani tundu na jua linaloingia, picha imekamilika na inaeleweka. Wino mwekundu hauifuti picha hiyo mpaka umpe nyingine iliyo bora.

Picha iliyo bora inahusu joto linalotoka. Hapo ndipo vitabu vingi vinaporuka. Ingia darasani uulize: jua limekuwa likiipasha dunia kwa mamilioni ya miaka, mbona hatujaungua? Kisha nyamaza. Waache wahangaike. Atatokea mmoja aseme kwamba joto lazima linaondoka, na hapo una somo mkononi.

Sasa linaondokaje, ilhali huko nje hakuna hewa ya kulibeba? Washa pasi, isimamishe, waambie wasogeze kiganja pembeni yake bila kuigusa. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo lile joto wanalolihisi pembeni limefika kwa mionzi, mionzi ambayo macho hayaioni. Dunia nayo inatoa mionzi ya namna hiyo, mchana na usiku, kuelekea angani. Nitrojeni, oksijeni na agoni, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya asilimia 99 ya hewa kavu, zinaiachia ipite. Mvuke wa maji, hewa ukaa, methani na naitrasi oksaidi zinainasa, kisha zinaitoa tena kila upande, nyingine ikirudi chini. Ndizo gesijoto. Mwanafizikia John Tyndall alilipima jambo hili London kuanzia mwaka 1859, kwa hiyo mwanafunzi akikuambia ni nadharia ya juzi, mpe tarehe hiyo.

Waambie pia, na hapa wengi hushangaa, kwamba gesi hizi si adui. Bila gesijoto wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya takribani 15 juu ya sifuri. Ni sawa na blanketi: halina moto wowote ndani yake, linachelewesha tu joto la mwili wako kutoka. Tatizo letu ni kwamba tunaendelea kuongeza blanketi juu ya blanketi.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye sababu, tena kwa hesabu. Kabla ya mapinduzi ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama chembe 280 katika kila chembe milioni za hewa. Sasa zimepita 420. Viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika vinatupeleka nyuma miaka 800,000, na katika muda wote huo kabla ya enzi ya viwanda kiwango hakikuvuka kiasi cha 300. Mwanafunzi mjanja atakuambia 420 katika milioni ni kitu kidogo mno. Mjibu kwamba zile nyingine karibu zote hazinasi mionzi ya joto, kwa hiyo hazipaswi kuhesabiwa katika kazi hii.

Imetoka wapi? Hapa mwite mwalimu wa kemia. Kaboni kilo 12 ikiungua inachukua kilo 32 za oksijeni kutoka hewani, inakuwa hewa ukaa kilo 44. Ndiyo sababu lita moja ya petroli, ambayo yenyewe haifiki kilo moja, inatoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa. Waache wafanye hesabu wenyewe ubaoni. Nimeona wanafunzi wakikataa jibu lao wenyewe na kuanza upya wakidhani wamekosea.

Kisha pima uzito wa sababu. Hili silioni likifundishwa. Wanafunzi wengi huanza na ukataji miti kwa sababu ndio unaochorwa kwenye mabango. Ni kweli unachangia, lakini katika hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu miaka hii, takribani sehemu tisa kati ya kumi inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na utengenezaji wa saruji. Anayeandika miti kwanza na mafuta mwisho amejibu kinyume. Methani nayo inatoka kwenye uchimbaji wa mafuta na gesi, matumbo ya ng'ombe, mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na taka zinazooza pasipo hewa. Kwa uzito ule ule, ukihesabu miaka 100, inapasha takribani mara 28 ya hewa ukaa, ila yenyewe hudumu angani kama miaka 12 tu.

Kwa hiyo aliyeandika "takataka" hakukosea kabisa, muulize takataka ipi na kwa njia gani. Mfuko wa plastiki uliotupwa mtaroni ni uchafu na ni balaa kwa samaki, lakini hauko kwenye orodha ya visababishi vikuu vya joto. Na aliyeandika "moshi" mwulize anasema moshi upi. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Katika ule moshi anaouona kuna chembe za salfa, nazo zinarudisha mwanga wa jua na kupoza kidogo. Mlima Pinatubo, volkano ya Ufilipino, ulipolipuka mwaka 1991 na kurusha salfa juu sana, wastani wa joto la dunia ulishuka kwa karibu nusu nyuzi kwa muda. Wakishaelewa hilo, neno "uchafuzi" peke yake halitawatosha tena kama jibu.

Kelele za magari futa.

Mwalimu, habari. Nimefanya lile jaribio la chupa mbili: moja ina hewa ya kawaida, nyingine hewa ukaa niliyoitengeneza kwa siki na bikaboneti, taa juu yake, vipimajoto ndani. Mara inapanda hii, mara ile. Wanafunzi wamenicheka. Hatuna maabara. Nifanye nini?
*Mwalimu wa Sayansi*

Salama. Liache. Jaribio hilo linadanganya hata linapotoa jibu unalolitaka. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia ndani ya chupa na kuzuia mzunguko, kwa hiyo kipimajoto kinapanda. Waliolirudia kwa kutumia agoni, gesi nzito isiyonasa mionzi ya joto hata kidogo, walipata matokeo yanayokaribiana. Ulichowaonyesha wanafunzi ni uzito wa gesi tu. Tena chupa yenyewe inazuia mionzi hiyo, na gesi iliyomo ni kidogo mno ukilinganisha na kilomita nyingi za angahewa.

Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka mitungi ya kioo juani mwaka 1856 na kuona kwamba wenye hewa ukaa unapata joto zaidi na unachelewa kupoa. Alikuwa wa kwanza kuandika kwamba angahewa yenye gesi hiyo kwa wingi ingekuwa na joto zaidi, na jina lake anastahili lisikike darasani. Lakini kioo kilimfunga kama kilivyokufunga wewe. Tyndall alilijua tatizo hilo, ndiyo maana ncha za bomba alilopimia gesi alizifunga kwa vibao vya chumvi ya mwamba, ambayo inapitisha mionzi ya joto. Msimulie mwanafunzi kisa cha chumvi hiyo na atajifunza zaidi kuhusu kupima kuliko kwa chupa ishirini.

Ukitaka jaribio la mikono, hamia kwenye athari, huko vyombo vya kawaida vinatosha. Chukua bilauri mbili. Katika ya kwanza weka jiwe linalochomoza juu ya maji, juu ya jiwe weka barafu. Katika ya pili acha barafu ielee. Piga alama mahali maji yalipofika, subiri. Barafu ya jiwe ikiyeyuka maji yanapanda. Ile inayoelea ikiyeyuka, alama haisogei. Sasa wanaelewa kwa nini wanasayansi wanaoangalia kina cha bahari wanahangaika na Greenland na Antaktika, ambako barafu imekalia nchi kavu, kuliko ile inayoelea katika bahari ya Aktiki. Barafu yote ya Greenland ingeyeyuka, bahari ingepanda kama mita 7. Ya Antaktika, kama mita 58. Harakisha kusema kwamba hayo ni mambo ya karne nyingi, usije ukazua kilio.

Lingine: jaza chupa maji yenye rangi hadi pomoni, pasibaki kiputo hata kimoja, kwa sababu hewa hutanuka kuliko maji na itakuharibia jaribio. Pitisha mrija mwembamba mdomoni, ziba kwa udongo wa mfinyanzi, tumbukiza chupa kwenye maji ya moto. Mwanzoni maji kwenye mrija yanaweza kushuka kidogo, maana chupa inatanuka kwanza. Usiogope. Yatapanda. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada, na kutanuka huko pamoja na barafu ya nchi kavu ndiko kulikopandisha kina cha bahari kwa takribani sentimita 20 kati ya 1901 na 2018.

Lakini nikiambiwa nichague somo moja tu, nachagua grafu. Haihitaji chochote zaidi ya chaki. Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Waandikie wastani wa mwaka, kwa chembe katika milioni: 1960, 317. 1970, 326. 1980, 339. 1990, 354. 2000, 370. 2010, 390. 2020, 414. Wachore. Kisha watoe kila namba kutoka kwa inayofuata, wapate 9, 13, 15, 16, 20, 24. Usiwaambie kitu. Wao ndio watakuambia kwamba kasi yenyewe inaongezeka.

Wakiwa na hamu zaidi waonyeshe kwamba mstari halisi wa Keeling una meno kama msumeno: unapanda hadi Mei, unashuka mpaka karibu Septemba, halafu unaanza tena. Nusu ya kaskazini ya dunia ina ardhi na mimea mingi, na majira ya joto yakifika huko mimea inavuta hewa ukaa kwa nguvu. Napenda kumwona mtoto akitambua kwamba hilo jino ni misitu inapumua.

Shikamoo Bibi. Mwalimu wetu anasema tabianchi imebadilika tangu zamani, hata kabla ya magari. Kama ni hivyo, kwa nini lawama ni za binadamu? Nimemuuliza akanifukuza darasani.
*Mwanafunzi*

Marahaba, mjukuu wangu. Kukufukuza hakukuwa jibu.

Mwalimu wako amesema kweli nusu. Tabianchi imebadilika mara nyingi, na kila mara palikuwa na chanzo. Enzi za barafu zilikuja na kuondoka kwa sababu ya mabadiliko ya taratibu katika njia ya dunia kuzunguka jua na mlalo wa mhimili wake, mambo yanayochukua makumi ya maelfu ya miaka. Kutoka kilele cha enzi ya barafu ya mwisho, kama miaka 20,000 iliyopita, dunia ilitumia karibu miaka 10,000 kupanda nyuzi kama 5. Safari hii imepanda zaidi ya nyuzi 1 katika takribani karne moja na nusu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekuja baada ya 1970. Kwa hiyo swali lako liulize hivi: chanzo cha safari hii ni kipi?

Ingekuwa jua, setilaiti zingeliona. Zimekuwa zikipima nguvu yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na haijaongezeka. Tena jua lingepasha angahewa yote, ya chini na ya juu. Kilichopimwa ni kwamba hewa ya chini inapata joto huku tabaka la juu, stratosifia, likipoa. Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walikokotoa mwaka 1967 kwamba hewa ukaa ikiongezeka hali itakuwa hivyo hasa. Manabe alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021.

Na tunajuaje kwamba hewa ukaa hiyo ni ya kwetu na si ya volkano? Kwanza, volkano zote kwa pamoja kwa mwaka hazifikishi hata asilimia 1 ya ile tunayoitoa sisi. Pili, makaa ya mawe na mafuta yamekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, na kaboni 14 yake, aina ya kaboni inayooza yenyewe taratibu, yote imeshaoza. Tukiyachoma tunamwaga hewani kaboni isiyo na kaboni 14, na tayari miaka ya 1950 Hans Suess aliona upungufu huo kwenye pete za miti. Tatu, kuungua kunakula oksijeni, na Ralph Keeling, mtoto wa yule Keeling wa Mauna Loa, amepima oksijeni ya hewani ikipungua kidogo kidogo sambamba na uchomaji. Hatutakosa pumzi, usiogope, lakini volkano haili oksijeni namna hiyo.

Rudi kwa mwalimu wako na hayo. Nenda wakati wa mapumziko, msalimie vizuri, usimuulize mbele ya darasa.

Mwalimu, mwanangu wa miaka kumi amerudi shuleni akilia. Ameambiwa dunia itakwisha mwaka 2030. Halali vizuri. Nimwambie nini?
*Mama mwenye wasiwasi*

Pole mama. Mwambie hakuna mwanasayansi aliyepanga tarehe ya mwisho wa dunia. Mwaka 2030 unatajwa sana kwa sababu nchi zimeutumia kuweka malengo ya kupunguza gesi. Nyuzi 1.5 za ongezeko la joto tangu kabla ya enzi ya viwanda, zilizotajwa kwenye Mkataba wa Paris wa 2015, nazo si ukingo ambao baada yake kila kitu kinaporomoka. Nyuzi 1.6 ni mbaya kuliko 1.5, na 1.7 ni mbaya kuliko 1.6, kwa hiyo kila sehemu inayookolewa ina maana, hata tukichelewa.

Kuna jambo lingine ambalo walimu hawalisemi na watoto wana haki ya kulisikia: kwa hesabu zilizopo, siku binadamu watakapoacha kuongeza hewa ukaa hewani, joto nalo litakoma kupanda karibu wakati huo huo. Halitashuka upesi, lakini kupanda kutakoma. Na mpe mfano wa dunia kukubaliana: mwaka 1987 nchi zilitia saini Itifaki ya Montreal ya kuondoa kemikali zinazokula ozoni, kila nchi imeshajiunga, na tabaka hilo linapona. Juu ya Antaktika linatarajiwa kurudi lilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo takribani 2066. Mwanao atakuwepo, atahakikisha mwenyewe.

Kwa huyo aliyemwambia dunia itakwisha: kutisha ni uvivu wa kufundisha. Kamwone.

Bibi Mwalimu, kitabu kinasema ongezeko la joto linaleta ukame, ukurasa unaofuata kinasema linaleta mafuriko. Mwanafunzi akauliza, "Sasa kipi?" Nilikosa la kusema. Na hizi athari nizifundisheje zisiwe orodha ya kukariri?
*Mwalimu wa shule ya msingi*

Vyote viwili. Kila nyuzi 1 ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takribani asilimia 7. Hewa hiyo yenye kiu inanyonya udongo kwa nguvu pale mvua inapokosekana, na inapokuja kuachilia mzigo wake inaumwaga mwingi kwa mkupuo. Kwa hiyo sehemu moja inaweza kuwa na kiangazi kikali na mvua ya uharibifu ndani ya mwaka mmoja. Ila mwonye mwanafunzi asinyooshee kidole mvua moja ya jana: tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30, na mvua kubwa zilikuwepo tangu enzi. Kinachobadilika ni jinsi zinavyokuja mara nyingi na kwa ukali gani.

Kuhusu orodha, ichome. Tumia mishale. Kila athari iunganishwe na chanzo kwa mshale, na juu ya kila mshale mwanafunzi aandike "kwa njia gani". Utaona makosa waziwazi. Mfano, bahari kuongezeka asidi wengi huichora ikitoka kwenye joto, kumbe inatoka moja kwa moja kwenye hewa ukaa, ambayo karibu robo ya tunayoitoa inayeyuka baharini na kufanya asidi. Joto na asidi ni ndugu wa mama mmoja, na matumbawe yanapigwa na wote wawili.

Kwenye mtihani, badala ya "taja athari tano", uliza hivi: "Kwa mishale minne au zaidi, onyesha jinsi lita moja ya petroli inayoungua inavyofikia kupandisha maji ya bahari. Kwa kila mshale, andika ni kipimo gani kinachotuthibitishia." Toa maksi mbili kwa mshale, moja ya njia na moja ya kipimo, na aliyechora mitatu iliyonyooka apate zaidi ya aliyechora kumi ya kubahatisha.